Gilasi Mbili kwa Siku

Kwenye kituo chetu cha kusafishia damu, huulizwi hujambo mpaka upande mizani. Nesi anasimama na karatasi yake, wewe unavua viatu, unavua saa. Mimi nilikuwa navua hata pete, utadhani pete ndiyo iliyonizidishia kilo tatu. Kisha namba inasomwa kwa sauti, na kila aliyekaa kwenye viti vya kungojea anajua ulifanya nini tangu juzi. Palikuwa na mzee mmoja, Ami Hamedi, dereva mstaafu wa jeshi, ambaye kila akipanda mizani alifumba macho akasoma Ayatul Kursi. Kilo hazikupungua, lakini alishuka ametulia kuliko sisi.

Naandika haya kwa kuwa yamepita, na kwa kuwa najua yuko mtu amekaa kwenye viti vile leo hii, ndiyo kwanza ameambiwa, na mdomo umemkauka. Mimi si daktari. Nilikuwa mchoraji ramani wa wizara, nikienda Maskati kila asubuhi kwa miaka thelathini mpaka nikastaafu. Namna figo inavyofanya kazi sitakueleza, utaelezwa mpaka uchoke. Nitakueleza kiu.

Maradhi yaliniingilia wakati wa baridi, msimu ambao nusu ya Sib, mji wetu huku Omani, huwa ufukweni na mikeka na majiko ya kuchomea nyama. Mimi nilikuwa ndani, uso umevimba, na mguu ukiubonyeza kwa kidole shimo linabaki. Nilikuwa na presha kwa miaka mingi, dawa zake nikizimeza nikikumbuka. Hilo ni kosa langu na nalisema waziwazi, maana wengi tuko hivyo: kichwa kikiuma tunameza, kikipoa tunazirudisha kabatini. Nilipofika hospitali, figo zote mbili zilikuwa zimeshachoka. Mume wangu, Saidi, anasimamia ghala moja kule Rusayl na sijapata kumwona akishindwa na kitu kilichoharibika. Akamwuliza daktari kama haziwezi kutengenezwa. Daktari akasema hapana.

Nilipasuliwa mkono wa kushoto wakaunganisha mishipa kwa ajili ya mashine. Ukiweka kiganja pale unausikia ukivuma kama friji la zamani. Siku zangu zikawa tatu, Jumapili, Jumanne na Alkhamisi, muda wa saa nne kwenye kiti kila mara, na zilizobaki zikawa siku za kungojea hizo. Ngozi ilisawijika, nikawa najikuna mpaka mashuka yakapata damu, na kila nilichokula kilikuwa na ladha ya msumari. Kisha mkojo ukakatika. Hakuna aliyewahi kuniambia kuwa siku moja nitaukumbuka mkojo kama mtu anavyomkumbuka jamaa yake.

Daktari wetu ni kijana wa Kiomani mwenye sauti ya chini. Bibi yake alitoka Pemba, kwa hiyo Kiswahili anacho, Kiswahili cha jikoni.

"Bi Raya," aliniambia, "maji nusu lita kwa siku. Na kila kinachomiminika ni maji."

Nusu lita, katika mji ambao mwezi wa sita ukigusa mlango wa gari unaungua vidole. Nilinunua chupa ndogo ya nusu lita. Kila alfajiri niliijaza, na kila jioni nilimwonyesha Saidi kilichobaki. Nilikuwa mgonjwa hodari, au hivyo nilivyojiona.

Ila sisi tuna kahawa. Kwetu kahawa hainywewi kwa kiu. Mtu akiingia, mdila, lile birika la kahawa, unaletwa, anamiminiwa finjani yenye kahawa ya vidole viwili, anakunywa, na akitosheka anaitikisa finjani ili asiongezewe. Lakini ile ya kwanza haikataliwi. Ukiikataa, mwenyeji ataanza kujiuliza umemkasirikia nini. Na mgonjwa hutembelewa kutwa. Wageni wakija, Mama anawamiminia wao na mimi ananimiminia, nisionekane nimejitenga. Mama yangu ni Bi Thuwaiba, ana miaka themanini na kitu, amezaliwa Unguja na anaishi nasi.

"Finjani moja haimuui mtu," alikuwa akisema.

Wala haikuwa kahawa tu. Palikuwa na supu ya kumpa mgonjwa nguvu, uji wa mtama, tikiti lililotoka kwenye friji. Vyote hivyo havikutoka kwenye chupa yangu, kwa hiyo sikuvihesabu. Nikipanda mizani nesi anasoma kilo mbili na nusu za maji yaliyozidi, mara tatu, mara tatu na nusu, ananiuliza nimekunywa nini. "Nusu lita, wallahi." Niliapa kwa moyo safi kabisa, na hilo ndilo linalonichekesha leo.

Ikaja Idi kubwa, na joto lake. Siku ya pili tulizunguka kwa jamaa, kisha jamaa wakazunguka kwetu. Finjani hapa, sharubati ya ukwaju pale, mchuzi wa nyama kila nyumba. Mchana chupa yangu ilikuwa bado na robo ya maji, nikajipongeza. Alasiri ilipoingia nilisimama kusali, na niliposujudu nikahisi nazama. Nilisema kweli pale pale juu ya msala, nikimwita Saidi: nazama. Sikuweza kulala chali, sikuweza kumaliza sentensi. Saidi aliendesha mkono mmoja ukiwa kwenye usukani na mwingine umenishika bega, kana kwamba nitaanguka. Hospitali walinitundika kwenye mashine upesi, wakanitoa kilo nne na nusu za maji, na pumzi ya kwanza iliyonifika chini ya kifua sitaisahau mpaka naingia kaburini. Nililia kwa ajili ya hewa tu.

Asubuhi yake daktari alikuja na kiti, akaketi. Mdogo wangu Muna alikuwapo. Muna ni mwalimu, na majuma mawili kabla ya hapo alikuwa ameshapimwa na kuambiwa figo yake inanifaa.

"Figo ya Bi Muna iko tayari," daktari alisema. "Ambaye hayuko tayari ni wewe. Moyo wako unatanuka kwa maji. Nataka miezi mitatu mfululizo usizidi kilo moja na nusu baina ya mashine na mashine. Ukiweza, tunapasua. Usipoweza, moyo huu sitaulaza mezani."

"Nusu lita sijaizidi, daktari."

"Basi tuhesabu. Jana ulikunywa nini? Anza nyumba ya kwanza."

Nikaanza. Finjani kwa Bi Zamzam, mbili kwa ami yangu kwa sababu ukumbi wake una baridi na tulikaa. Nilifika kumi na tisa, na sharubati bado sijaigusa.

"Kumi na tisa," alisema, "ni karibu lita nzima."

Muna alishika uso kwa mikono miwili. Sikujua analia au anacheka, na nadhani alifanya vyote. Mimi nilitazama dari. Ndugu yangu alikuwa amejitolea kukatwa ubavu kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa namkosesha nafasi hiyo kwa adabu.

Hapo ndipo ilipoanza kazi. Miezi mitatu, na yote ya joto. Nilijaribu kunyonya barafu, nilijaribu kuuma ndimu, nilijaribu kusukutua na kutema, na mara nyingine koo lilinidanganya likameza. Juma la kwanza nilishindwa. Kiu ya aina hii haiko kooni peke yake. Unafungua bomba la kuoshea vyombo na unajikuta umesimama pale, unatazama.

Jumanne moja tuko kwenye viti, mashine zinapiga milio yao, wagonjwa wakaanza kutaja vinywaji. Wenye njaa hutaja vyakula, sisi tulitaja vinywaji. Ami Hamedi alitaja laban baridi, mtindi wa mbuzi, alfajiri, kambini. Mama mmoja wa upande wa dirisha akataja madafu ya Mombasa, kisha akayataja tena. Ikafika zamu yangu. Sikufikiri kabla ya kusema.

"Mimi ndimu na maji ya soda," nikasema, "ndani ya baa moja, Leeds."

Nesi alijifanya anatazama waya.

"Astaghfirullahi, Bi Raya," Ami Hamedi akasema. Akangoja kidogo. "Ilikuwa na barafu?"

Nikacheka mpaka mashine ikapiga kelele ya presha. Na nilipomaliza kucheka nikamkumbuka Ken.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne wizara iliponipeleka Uingereza miaka miwili kujifunza kuchora ramani. Ofisi niliyowekwa ilikuwa na watu wanane, na kila Ijumaa mchana wote wanane walikwenda baa iliyokuwa pembeni mwa barabara. Jina lake lilikuwa mnyama na rangi, kama baa nyingi za kwao. Ijumaa tatu za mwanzo nilikataa kwenda, nikala mkate wangu dirishani. Baada ya hapo nikaona mazungumzo yanapungua. Hawakunitukana wala hawakuninunia, ila walikuwa na uso ule ule anaokuwa nao Mama mgeni akiisukuma finjani. Nilikuwa nimekataa kahawa yao.

Ijumaa ya nne nikaenda, na buibui langu. Zulia lilinuka bia iliyomwagika zamani, mezani palikuwa na vigae vya karatasi vya kuwekea gilasi, na kulikuwa na mbwa amelala karibu na moto. Nilikaa mbali naye. Wakaniuliza maswali yao. Unaendesha gari? Unameza dawa? Una mimba? Kule asiyekunywa lazima awe na udhuru. Nikasema ni dini yangu, wakanionea huruma ya kweli, na mmoja akainama akaniuliza kwa upole, "Hata kidogo?" Nilikaribia kucheka, maana nilimsikia Mama na finjani yake moja isiyoua mtu.

Lakini tatizo lilikuwa la zamu. Kwao kila mtu kwa zamu anakwenda kaunta kuwanunulia wote, na mtu anayekunywa kwenye zamu za wenzake asitoe yake jina lake huharibika. Mimi nisingeweza kununua bia, wala kuibeba. Nilikaa na ndimu yangu niliyonunuliwa, nimeinamisha uso, mpaka Ken akaamua. Ken alikuwa mchoraji mkongwe kuliko wote, mwembamba, na miwani amefunga kwa uzi.

"Zamu ya Raya ni krispi," alisema. Kwa miaka miwili nilinunua krispi, pakiti za viazi vya kukaanga, zikapasuliwa katikati ya meza, na mikono yote ikaingia.

Ken mwenyewe alikunywa nusu painti moja tu ya bia, gilasi ndogo, saa nzima. Wenzake walimaliza painti mbili, tatu, na yeye nusu yake bado ipo. Nilimtazama kama nilivyofundishwa kutazama ramani. Kwanza gilasi yake aliiweka mbali, pasipofikiwa na mkono, ili kuifikia ainuke kidogo. Hakuishika wakati anazungumza. Hakunywa wenzake wanapokunywa. Na alipokunywa, alilowesha ulimi tu, akashikilia, akameza kwa vipande, akarudisha gilasi kule kule mbali. Siku moja nikamwuliza kwa nini, na akanijibu bila kuzunguka, jambo ambalo Waingereza hulifanya mara chache.

Alisema zamani alikuwa mtu wa painti nane. Mke alichukua watoto akaenda kwa dada yake, hakurudi. Aliacha kabisa miaka sita, asikanyage baa, na katika miaka hiyo hakuwa na mtu wa kuzungumza naye, kwa sababu mji mzima hukutana baa kuzungumza. Ndipo akarudi, kwa nusu moja, siku moja ya juma, mbele ya watu wanaojua.

"Wako wasioweza hata hiyo nusu," aliniambia, "na wasijaribu. Mimi nina bahati. Na kila Ijumaa naogopa."

Nilikuwa nimefundishwa kwamba walevi hawaogopi.

Nilipoaga, mama mwenye baa alinipa gilasi yangu ya ndimu, nusu painti, ameifunga kwa gazeti. Ilikaa juu ya meza yangu Maskati miaka thelathini, ikishika penseli.

Jumanne ile niliporudi nyumbani nilifungua sanduku nililokuja nalo siku ya kustaafu. Ilikuwemo, na vumbi la risasi ya penseli chini. Ina mstari mwembamba wa kipimo juu na taji dogo limechorwa. Saidi, mtu wa vipimo, alipima kwa chombo cha jikoni: gilasi mbili ni nusu lita na kidogo. Daktari akakubali, kwa sharti kwamba kahawa, supu na hata dawa inayomezwa kwa maji vitoke humo humo. Nikaanza. Gilasi ya kwanza asubuhi mpaka alasiri, ya pili mpaka kulala. Niliiweka juu ya kabati la televisheni ili niinuke kuifuata. Sikuigusa nikizungumza. Nikilowesha ulimi, nikishikilia, nikimeza kwa vipande. Siku ya tatu nikagundua kuwa ile ya asubuhi imebaki. Mizani ikasoma kilo mbili, kisha kilo moja na robo tatu, kisha moja na nusu. Nesi aliipiga mizani teke kidogo kuhakikisha.

Kama uko kwenye viti vile, chukua hili kwangu: tafuta chombo kimoja, na kila kinachomiminika kipite humo. Na finjani itikise kabla ya ile ya kwanza. Wakikununia, wataacha.

Zikapita siku kama ishirini. Rutubu, zile tende laini za msimu, zikaiva na mimi sikuruhusiwa hata moja, lakini namba zilikuwa nzuri na Muna alikuwa ameshaomba likizo shuleni. Ndipo shemeji yangu, mdogo wake Saidi, alipokuja kunitazama. Naye alisoma kule Uingereza. Akaona kabati la televisheni.

"Shemegi," akasema akicheka, "hii si gilasi ya bia?"

Mama alikuwa mlangoni na mdila. Aliweka mdila chini, akarudi chumbani kwake.

Kesho yake gilasi haikuwapo. Nilitafuta kabatini, nilitafuta kwenye beseni la vyombo, nikamwuliza Mama, akasema hajui, na Mama hajui kusema uongo, alitazama ukuta. Nilitumia kikombe cha chai. Kikombe hakina mstari, na mkono wangu haukukizoea. Alkhamisi nikapanda mizani: kilo mbili na nusu. Daktari hakunifokea. Alisema tu kwamba miezi mitatu inaanza kuhesabiwa upya, na mimi nikafikiria likizo ya Muna.

Nilipotoka huko nilikwenda moja kwa moja chumbani kwa Mama, nikaketi chini, miguuni pake.

"Mama, naiomba ile gilasi."

"Nikuulize mara moja tu, Raya. Ulikunywa?"

"Sikunywa."

"Hata tone?"

"Hata tone. Lakini nilikaa nao. Kila Ijumaa kwa miaka miwili, wao wanakunywa na mimi nimekaa."

"Nnawasikia watu mimi," Mama akasema. "Wanasema, mtoto wa Thuwaiba kaharibikiwa na figo, na alikwenda kusoma Ulaya. Hawamalizii. Nami nnakaa hapa nnawatilia kahawa. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenirudisha."

"Ningekurudisha, ndiyo."

"Basi nisingejua namna ya kukaa na nusu lita, Mama. Nimejifunza pale." Nikamsimulia Ken, painti nane na miaka sita na ile nusu ya Ijumaa. Nilimwonyesha kwa mkono namna alivyoweka gilasi mbali. Mama alisikiliza mpaka mwisho akivuta ncha ya mtandio wake.

"Huyo mzee," akauliza, "mkewe alirudi?"

"Hakurudi."

"Maskini," Mama akasema. Akainuka, akatoka.

Baada ya sala ya adhuhuri akaja nilipolala. Mkononi ana gilasi, inachuruzika maji, na kucha zake zina udongo.

"Nimeiosha mara saba," alisema, "moja kwa mchanga. Nnajua hiyo ni ya chombo kilicholambwa na mbwa. Ya Waingereza sijui ni mara ngapi."

Sikuweza kucheka mbele yake. Nilimbusu mkono wenye udongo, na nililia, na yeye akaniambia niache, maana machozi hayapimwi na mizani itachanganyikiwa.

Tangu siku ile Mama alikuwa bawabu. Mgeni akiinua mdila kunielekea, Mama anaukinga kwa kiganja. "Huyu hanywi. Yake nnainywa mimi." Na kweli anaipokea ile finjani. Lakini anaitikisa na kuiweka siniani haijaguswa, na mgeni hana la kusema kwa bibi wa miaka themanini. Niliona hilo nikadhani ni ujanja. Nilichelewa kuona kwamba sijamwona Mama akinywa hata maji. Nilihisi ni uzee, wazee hawasikii kiu. Muna ndiye aliyeniambia.

"Hunywa chumba cha kufulia," alisema. "Kasimama, kafunga mlango. Anasema hawezi kunywa na wewe unamtazama."

Mama, aliyetupiga vidole utotoni kwa kunywa maji tumesimama. Sikumwambia kitu. Nilijua nikimwambia atazidisha, atakwenda kunywa kwa jirani.

Joto likavunjika. Miezi mitatu ikatimia wakati watu wanaanza tena kuzima viyoyozi usiku, na siku ya mwisho nilipanda mizani na pete kidoleni. Kilo moja na robo. Ami Hamedi alinipigia makofi akiwa amefungwa kwenye mashine kwa mkono mmoja, kwa hiyo alipiga paja. Siku hizi naye ana kopo lake la laban lenye mstari.

Tulipasuliwa wakati wa baridi, mimi na Muna, siku moja, mwaka mmoja tangu uso uliponivimba. Nilipozinduka Saidi alikuwa ameinama pembeni ya kitanda akitazama mfuko unaoning'inia. "Unajaa," aliniambia. Mkojo. Alikuwa ameshauhesabu tangu alfajiri, ameandika kwenye risiti ya mafuta. Muna alikuwa chumba cha pili, anaumwa kuliko mimi, na ujumbe wake wa kwanza uliuliza kama figo yake ina adabu. Nikamjibu kuwa ina adabu kuliko mwenyewe. Sina namna ya kumlipa na nimeacha kuitafuta. Kila asubuhi nikienda msalani namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Ken bila shaka ameshafariki, alikuwa mzee tangu wakati ule. Sijui inafaa kumwombea vipi. Lakini kumshukuru Mungu kwamba nilikutana naye, hilo hakuna aliyenikataza, na nalifanya.

Daktari sasa anataka lita tatu kwa siku. Tatu. Nilirudi nyumbani na chupa kubwa yenye namba ubavuni, nikaishika kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake. Siku za mwanzo nilishindwa kuimaliza. Nililowesha ulimi, nikashikilia, nikaiweka mbali. Mama alikuwa ameketi mbele yangu sebuleni, na mchana ule tulikuwa sisi wawili tu.

"Kunywa kama watu," alisema.

Nikanywa. Nikameza mafunda manne mfululizo, na yakashuka yote, na hakuna kilichonizamisha. Mama alinitazama koo. Kisha akainuka, akaenda kwenye kabati la televisheni, akachukua ile gilasi ambayo sikuwa na kazi nayo tena. Akaijaza kwenye bomba mpaka kwenye mstari. Akarudi akaketi pale pale alipokuwa, mbele yangu, akasema Bismillahi, na akanywa yote.